Bergamoti fupi na ule unga mweupe

Ikifika Julai hapa Ohio, wateja wangu huanza kunitumia picha ileile: majani ya bergamoti yamekuwa meupe, utadhani mtu kayachekechea unga wa chapati. Huo ni ubwiri unga. Wengi hukimbilia dawa. Mimi huwauliza kwanza: udongo ukoje?

Bergamoti hii si lile chungwa linalonukiza chai ya Earl Grey. Limefanana harufu tu na majani yake. Hii yetu ni ua la bustani, ndugu wa mnanaa na mrehani. Lisokote shina lake vidoleni utazisikia pembe nne. Kwao ni mashariki ya Amerika Kaskazini, na ile ya mwituni yenye maua mekundu hupenda kandokando ya vijito, ikarefuka hadi mita moja na zaidi.

Hapo ndipo tunapokosea na hizi fupi, kama Petite Delight iliyozalishwa Kanada, isiyozidi magoti. Kwa kuwa ni fupi, tunazibana ukingoni mwa tuta, penye joto la zege na udongo mkavu. Nami nilifanya hivyo: miche 12, chini ya upenu, mahali mvua haifiki. Agosti mashina yalikuwa uchi hadi nusu.

Ubwiri unga ni kuvu wa ajabu kidogo, hauhitaji jani lililolowa. Hewa nzito iliyotulia na mmea wenye kiu vinautosha. Kwa hiyo mimi hupanda kwa nafasi ya sentimita 45, ingawa mwaka wa kwanza tuta huonekana tupu na wateja hununa. Jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku, mboji ya kutosha, matandazo yasiyozika shina, na maji yamwagwe chini, asubuhi.

Aprili, machipukizi yakifikia urefu wa kidole, nakata theluthi moja, yale membamba, hadi usawa wa ardhi. Inauma, lakini upepo unapata njia. Kila baada ya miaka miwili au mitatu katikati ya kichaka hupata upara. Ng'oa, tupa kitovu, rudishia vipande vya pembeni vyenye mizizi.

Ile miche yangu niliihamishia kwenye mteremko, karibu na bomba linaloshusha maji ya paa. Ilipona tisa. Sasa ndege wavumaji huifikia kabla sijamaliza kahawa.