Filamu huru: huru kutoka kwa nani?

Nje ya kibanda umiza kimoja hapa Mwanga, Kigoma, kuna ubao mweusi ulioandikwa ratiba kwa chaki: saa nane mchana Kikorea, saa kumi Kihindi, saa mbili usiku mpira. Kiingilio mia tano. Nilimuuliza mwenye banda kama huwa anaonyesha filamu huru.

"Huru? Yaani bure?" Akacheka. "Kaka, jenereta hili linakunywa mafuta."

Simlaumu, maana neno lenyewe lina mtego. Huru hapa si bure, wala si kukwepa sheria. Mtayarishaji wa Tanzania, awe na kampuni au kamera ya kuazima, yuko chini ya Bodi ya Filamu na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Uhuru unaozungumzwa ni wa mfuko na wa kauli ya mwisho. Fedha zimetoka wapi? Nani ana haki ya kusema "huyu asiigize" au "mwisho huu ubadilishwe"? Studio kubwa ikilipa, yenye kauli ni studio. Filamu huru ni ile ambayo aliyeitengeneza kahangaika kivyake, kwa akiba, michango au ruzuku, na kauli ikabaki kwake.

Kwa kipimo hicho Bongo muvi zina utata wake. Wengi walianza kwa pesa ya mfukoni, na huo ni uhuru kabisa. Lakini zama za kanda na DVD, msambazaji akishanunua haki ndiye aliyeshika mpini, na hadithi moja ikapasuliwa "Part 1" na "Part 2" ili mteja anunue mara mbili. Hapo uhuru uliishia dukani.

Sasa tamasha. Sisi huku tukisikia tamasha tunawaza jukwaa na spika. Tamasha la filamu ni jambo la utulivu zaidi: watengenezaji wanatuma kazi zao, kamati inachagua chache, zinaonyeshwa kwa siku kadhaa, majaji wanatoa tuzo, na pembeni wanunuzi wanazunguka. Kwa mwenye filamu huru, hao wa pembeni ndio muhimu, kwa sababu hana kampuni ya kumtangazia.

Mfano unaosimuliwa sana ni Sundance ya Marekani. Tamasha hilo lilianza 1978 mjini Salt Lake City, jimbo la Utah, kwa jina jingine, nia ikiwa kuwavuta watu wa filamu wafike jimboni. Mwaka 1981 likahamia Park City, mji mdogo wa milimani, na kusogezwa hadi Januari, theluji ikiwa tele. Taasisi ya mwigizaji Robert Redford ikalichukua 1985, na jina la Sundance likaja 1991. Kadiri sifa zilivyokua, ndivyo kampuni kubwa zilivyoupanda ule mlima kusaka filamu za kununua, na mlango ukawa mwembamba. Mwaka 1995 baadhi ya waliokataliwa wakaanzisha tamasha lao palepale mjini, wakaliita Slamdance. Mimi hiki ndicho kipande ninachokipenda: wasio na studio walijengewa nyumba, kisha nyumba ikaweka bawabu. Na mji nao si wa milele, kwani imetangazwa kuwa kuanzia 2027 Sundance itafanyika Boulder, Colorado.

Barani kwetu, tamasha la FESPACO la Ouagadougou, Burkina Faso, lilianza 1969 na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili. Jirani zaidi ni ZIFF ya Zanzibar, iliyoanzishwa 1997 na kujulikana pia kama Tamasha la Nchi za Majahazi. Watu wamekuwa wakikaa Ngome Kongwe, chini ya nyota, kutazama. Jirani ni neno tu. Kijana wa hapa Kigoma aliyetengeneza filamu ya akina mama wakianika dagaa Kibirizi ana zaidi ya kilomita 1,200 za reli ya kati hadi Dar, kisha boti.

Nilimrudia mwenye banda nikamweleza hayo yote. Akatazama ubao wake kwa muda.

"Jumatatu mara nyingi hakuna mpira," akasema. "Ni dakika ngapi hiyo ya dagaa?"