Rangi ya kijani haifichi nyumba msituni

Wengi wanaojenga nyumba ya kisasa katikati ya miti, kama kule Lushoto, huamini kwamba ukipaka kuta na mabati rangi ya kijani, nyumba itamezwa na msitu. Wazo lenyewe linaeleweka. Lakini kijani cha majani hubadilika kwa jua, mvua na kiangazi, na chini ya miti kinachotawala ni kivuli na magome. Kijani cha kopo hubaki kilekile. Kahawia iliyokolea au kijivu kisichong'aa hujificha vizuri zaidi, hasa paani.

Jaribu mwenyewe: paka vipande vya bati rangi tofauti, viegemeze kwenye shina, rudi nyuma hatua 50, uvitazame asubuhi, mchana na jioni. Angalia na madirisha: kioo kikubwa kisichofunikwa na upenu humetameta kuliko ukuta wowote.