Kabla hujatia asali kwenye mtungi wa kale

Watu wakiniletea mitungi ya kale hapa Nairobi huanza na bei. Mimi huanza na swali: unataka kuupamba sebuleni au kuutilia asali? Kama ni asali, tukae chini.

Nazungumzia ile mitungi mizito ya kahawia na kijivu, mingi yake ya Kiingereza. Udongo wake ulichomwa kwa joto la nyuzi 1,200 hadi 1,300 za Selsiasi mpaka vinyweleo vikaziba, kwa hiyo haunywi maji. Asali inahitaji chombo cha namna hiyo, chenye kifuniko kinachobana, kwani huvuta unyevu hewani, na maji yakizidi takriban asilimia 20 huanza kuchacha.

Kinachonitia hofu ni glezi, ule utando unaong'aa. Zamani glezi nyingi zilikuwa na madini ya risasi, hasa kwenye vyombo vya udongo mwepesi vilivyochomwa kwa moto mdogo. Nayo asali ni kali kuliko ulimi unavyodhani: pH yake hucheza karibu na 3.9, ila utamu huificha ile asidi. Ikikaa miezi kwenye glezi ya risasi, huichota kidogo kidogo. Huioni wala huionji, na watoto ndio huumia zaidi.

Mitungi ya glezi ya chumvi ndiyo ninayoipenda. Tanuri likifika kilele cha joto, mfinyanzi alirusha chumvi ndani. Mvuke wa sodiamu ukaungana na silika ya udongo, ukawa kioo. Pitisha kidole nje: utahisi vijipele kama vya ganda la chungwa. Lakini usiishie hapo! Mvuke ule haukufika vizuri ndani ya mtungi, hivyo ndani mara nyingi palipakwa glezi nyingine. Mulika tochi mpaka chini.

Kisha ugeuze, udondoshe tone la maji kwenye kitako kisichopakwa. Likinywewa, huo ni udongo mwepesi. Usiutilie asali bila kupima risasi maabara. Ugonge pia kwa kifundo cha kidole: mlio mfu ni dalili ya ufa, na ufa huficha uchafu usiosafishika. Mtungi wa namna hiyo nashauri uingizwe chupa ya kioo ndani, asali ikae humo.

Asali ikiganda, usiubandike mtungi jikoni, joto la ghafla litaupasua. Ichote, uitie kwenye chupa, uiweke ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40.