Karanga za mbegu: bati, busta na mambo mengine tunayodanganyana

Mwaka wa kwanza nilipoamua kujiwekea mbegu mwenyewe, nilizianika juu ya bati la banda la ng'ombe. Mama mkwe alinitazama, akasema tu, "Haya mwanangu, na zikauke." Zilikauka kweli, siku tatu zikawa zinalia kama kayamba. Machi nikazipeleka shamba la chini, tambarare, huku nikihesabu magunia. Mashimo yaliyoota hayakufika hata nusu. Nikalaumu panya, nikalaumu kanga wa porini, nikalaumu mvua. Mama mkwe hakulaumu mtu, ila aliangalia bati.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali kwa mabwana shamba na kwa wazee. Niliyokuta ni kwamba sehemu kubwa ya tunayoambiana huku Moshi kuhusu mbegu za karanga ni maneno ya kijiweni. (Karanga ninayosema ni ile ya kutafuna. Mgeni akisikia Karanga hapa mjini hufikiri kuna mashamba, kumbe ni mto na kata yenye gereza.)

"Jua kali ndilo linalokausha mbegu vizuri"

Hapana. Karibu nusu ya uzito wa punje ya karanga ni mafuta, na kinachoikinga ni ngozi nyembamba inayochunika kwa kusuguliwa na kidole. Ikitoka ardhini ina unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Ili ikae hadi msimu ujao inatakiwa ishuke hadi 7 au 8. Ukiishusha kwa kasi, ngozi inaachia, punje inapasuka vipande viwili, na kile kimche kidogo kilicholala kwenye ncha yake kinakufa. Wanaokausha karanga kwa hewa ya moto mashineni huambiwa wasivuke nyuzijoto 35. Sasa weka kiganja chako juu ya bati saa nane mchana, halafu tuzungumze.

Karanga ya namna hiyo ukiikaanga ni tamu, na ndiyo maana kosa halionekani. Anayekula haoni shida, anayepanda ndiye anayelia.

Wengine wakisikia hivyo hukimbilia upande wa pili, wanazirundika kibarazani zikauke taratibu. Hapo ndipo hali ya hewa yetu inapotuponza. Karanga za masika tunazing'oa Juni au Julai, wakati wa baridi, mlima umejifunika mawingu, na jua linatoka kama linakopeshwa. Rundo lenye unyevu linajipasha moto lenyewe, maana punje bado zinapumua. Ingiza mkono katikati yake siku ya pili utausikia. Ukungu unapenda sana hapo, ukiwamo ule unaotengeneza sumukuvu. Na sumukuvu si hadithi ya redioni. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, ingawa wakati ule ilikuwa kwenye mahindi. Anayesema atazikaanga ziishe sumu ajue kwamba moto wa kikaango unaipunguza tu, hauimalizi.

Dawa ya mtego huu tunayo uani na hatuioni: kichanja cha kahawa. Kile kile chenye miguu na wavu, ambacho mwezi Juni mara nyingi kimekaa bure kwa sababu kahawa nyingi bado haijaiva. Kwanza mashina yaliyong'olewa yageuzwe shambani, karanga juu na majani chini, siku mbili tatu kama hakuna mvua. Kisha zichume, uzitandaze kichanjani tabaka jembamba. Upepo unapita chini na juu. Saa za jua kali funika kwa kivuli chepesi, jioni funika kwa turubai umande usiguse, asubuhi geuza. Kwangu huchukua wiki moja, mawingu yakizidi inapita hapo. Mama mkwe siku hizi ndiye anayegeuza, na haruhusu mtu mwingine.

"Zikilia ndani ya ganda zimekauka"

Zikilia maana yake punje imesinyaa na kuachana na ganda. Inalia kabla haijafika kwenye asilimia 8. Mimi huvunja punje kwa vidole: ikikunjika au ikipondeka, bado, ikikatika kwa mlio na ngozi ikatoka kwa kusuguliwa, naikubali. Mwenye kipimo cha unyevu atumie kipimo, asishindane na vidole vyangu.

"Udongo wetu ni wa volkano, una kila kitu"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Karanga ina tabia ambayo mahindi na maharage hayana. Ua linachanua juu, likisharutubishwa linatoa kijiti kinachoinama na kujichoma ardhini, na ganda linajengeka humo gizani, sentimita chache tu kutoka juu. Madini ya kalsiamu hupanda na maji kutoka mizizini kwenda kwenye majani, kwa sababu majani ndiyo yanayopoteza maji hewani. Ganda lililofukiwa halipotezi maji, kwa hiyo kalsiamu haliletewi. Linajichukulia lenyewe, kupitia ngozi yake, kutoka kwenye udongo unaoligusa.

Kwa hiyo shamba linaweza kuwa na kalsiamu tele mita moja chini na majani yakawa ya kijani ya kupendeza, huku maganda yakiwa mapepe. Ukame ukikamata tabaka la juu wakati maganda yanajaa, kalsiamu haisogei, maana husafiri ikiwa imeyeyuka majini. Udongo wa kichanga wa tambarare unakuwa nayo kidogo tangu mwanzo. Na shamba lililolishwa mbolea za naitrojeni miaka mingi, kama vihamba vingi vya kahawa (mashamba yetu ya nyumbani), linaelekea kwenye uchachu hata kama asili yake ni volkano. Usikisie, peleka udongo upimwe.

Unataka kuona njaa ya kalsiamu kwa macho? Chukua punje nono, ya kupendeza, ipasue kwa kucha mapande mawili. Tazama kichipukizi kidogo pale kwenye ncha. Kikiwa cheupe au cha rangi ya maziwa, sawa. Kikiwa kahawia au cheusi, mama yake alikosa kalsiamu, na punje hiyo hata ikiota itatoa mche dhaifu. Ukikuta badala yake shimo au bonde la kahawia katikati ya pande zile mbili, hiyo kesi nyingine, ni upungufu wa boroni. Nilipopasua punje za mwaka ule wa bati, nyingi zilikuwa na kichipukizi cheusi. Bati lilimalizia tu kazi.

"Nilishapiga busta ya kalsiamu kwenye majani"

Busta ni mbolea ya maji ya kupuliza, kwa hiyo umelisha majani. Kalsiamu ikishaingia kwenye jani hairudi chini kwenye ganda.

"Chokaa, jasi, majivu, yote ni yale yale"

Chokaa inapunguza uchachu na inaleta kalsiamu, lakini inayeyuka polepole. Inachanganywa na udongo kabla ya kupanda, na isizikwe kwa plau hadi chini, ibaki kwenye sentimita kumi za juu. Jasi, yaani jipsamu, haibadilishi uchachu, ila inayeyuka haraka, kwa hiyo inamwagwa juu ya mistari karanga zinapoanza kuchanua. Kiasi kinachotajwa sana ni kilo 200 hadi 400 kwa hekta, na karanga za punje kubwa zina njaa zaidi ya zile ndogo. Jasi hatuiagizi mbali. Inachimbwa Makanya, wilayani Same, malori yanaibeba kwenda viwanda vya saruji huku sisi tukiyapisha barabarani.

Majivu yana kalsiamu, ndiyo, lakini yana potasiamu pia, na potasiamu ikijaa pale ganda lilipo inashindana na kalsiamu. Ya jikoni yaende kwenye migomba. Na yule jirani aliyeniuliza kama anaweza kusaga mabaki ya jipsamu ya dari: shemeji, ile ina nyuzi na viungio vingine, iache.

"Zibaki ardhini zikomae vizuri"

Inategemea aina. Pendo, kwa mfano, ni ya kundi ambalo mbegu yake hailali. Mvua ikiikuta imekomaa inaota hapo hapo shambani. Fukua shina moja, fungua maganda, tazama ndani: mengi yakiwa na weusi upande wa ndani, ng'oa.

"Menya mapema, zihifadhiwe tupu, hazichukui nafasi"

Ganda ni nyumba ya mbegu. Hifadhi na ganda lake, umenye wiki moja au mbili kabla ya kupanda, kwa mkono. Kulowesha maganda ili yalainike ni mtindo wa wanaouza za kukaanga, na hata kwao si mzuri, maana unarudisha unyevu uliohangaika nao wiki nzima. Zilizochubuka au kupasuka weka kwenye sufuria ya kisamvu.

Kisha hesabu 100 bila kuchagua, zifunge kwenye kitambaa kibichi, ziweke mahali penye joto, uhesabu zilizoota baada ya wiki. Zangu za mwaka huu ziko jikoni, juu ya kabati, siku ya nne leo. Mama mkwe ameshazifunua mara mbili.