Uhakika wa wokovu na moyo unaojihukumu

Katika miaka yangu ya kufundisha Maandiko na kuketi na waumini wanaotafuta ushauri, swali lililonijia mara nyingi kuliko yote ni la mtu aliyekwisha kuokoka, anayesali na kulisoma Neno, lakini hawezi kusema kwa utulivu kwamba Mungu amempokea. Ameirudia sala ya toba mara zisizohesabika. Kila mahubiri yanapomalizika kwa wito anasimama tena, ingawa hajarudi nyuma, kwa kuhofu kwamba mara ya kwanza hakutubu sawasawa au hakuamini kwa moyo wote. Hangaiko hilo nalijua, kwa maana lilikuwa langu katika ujana wangu.

Jambo lililonisaidia ni kutambua kwamba imani na uhakika wa imani havifanani. Imani humtazama Kristo na kumkabidhi nafsi. Uhakika ni ufahamu unaomjia mwenye kuamini kwamba kweli yeye ni wa Kristo. Mtu aning'iniaye kwenye kamba huku akitetemeka anashikiliwa na kamba ileile inayomshikilia aliyetulia, kwa kuwa kinachombeba ni uimara wa kamba. Yule baba aliyemlilia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," hakuambiwa kwanza akaikamilishe imani yake. Mwanawe aliponywa papo hapo (Marko 9:24-27).

Makanisa hayajakubaliana daima katika jambo hili, na ni vema msomaji ajue hivyo asije akadhani shaka yake ni ajabu mpya. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la mwaka 1547 juu ya kuhesabiwa haki, ulifundisha kwamba mtu hawezi kujua, kwa hakika ya imani isiyoweza kukosea, kwamba amepata neema ya Mungu. Calvin, mmoja wa viongozi wa matengenezo ya Kiprotestanti, aliiweka hakika ndani ya maana yenyewe ya imani, ingawa alikiri kwamba hakuna muumini ambaye hakika yake haiguswi kamwe na mashaka. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, tamko la imani la Wapresbiteri, lilikwenda kwa uangalifu zaidi: lilisema kwamba uhakika wawezekana kabisa, ila mwamini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupambana na magumu mengi kabla ya kuupata. Mimi nasimama upande huo wa mwisho, kwa sababu nimeona jinsi watu wanavyoumizwa wanapoambiwa kwamba kukosa uhakika ni dalili ya kukosa wokovu.

Kitabu kinachoshughulika na swali hili kwa ukaribu zaidi ni Waraka wa Kwanza wa Yohana, na mwandishi anataja shabaha yake waziwazi: "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele" (5:13). Hata hivyo, waraka huohuo ndio unaowatia hofu wengi, kwa kuwa una vipimo: kumkiri Yesu Kristo kuwa amekuja katika mwili, kuzishika amri zake, na kuwapenda ndugu. Ili kuvielewa vipimo hivyo ni lazima tukumbuke waliandikiwa akina nani. Sura ya 2:19 yaonyesha kwamba kundi fulani lilikuwa limejitenga na kutoka, na waliobaki wakaachwa wakijiuliza kama waliotoka ndio walioijua kweli. Yohana anawaandikia hao waliobaki ili kuwatuliza. Vipimo vyake vinawaambia: tazameni, kumkiri Mwana mnamkiri, na ndugu zenu mnawapenda, basi msibabaishwe na walioondoka. Mtu anayeuchukua waraka huu kama mtihani wa kumwangusha kila aliye dhaifu anaugeuza kuwa kinyume cha nia ya aliyeuandika.

Mstari unaowasumbua wengi zaidi ni ule wa 3:9, usemao kwamba kila aliyezaliwa na Mungu "hatendi dhambi". Hapa sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna ugumu wa pekee. Tunatofautisha "anatenda", yaani tendo linaloendelea sasa, na "hutenda", yaani mazoea ya mtu. Lakini tukikanusha, yote mawili hugeuka "hatendi", na tofauti hiyo inapotea. Kitenzi cha Kiyunani kimo katika wakati uliopo, ambao waweza kubeba maana ya mwenendo wa kudumu, na wafafanuzi wengi, nami pamoja nao, wanakisoma hivyo: aliyezaliwa na Mungu hafanyi dhambi kuwa desturi ya maisha yake. Maana hiyo yapatana na 1:8, ambapo Yohana yuleyule asema kwamba tukijidai kuwa hatuna dhambi twajidanganya. Muumini aliyeanguka jana, akahuzunika na kuungama, hajahukumiwa na 3:9. Hali yake imeelezwa katika 1:9, penye ahadi ya msamaha.

Neno "ujasiri" ambalo Yohana analitumia mara nne katika waraka huu (2:28, 3:21, 4:17, 5:14) lina historia nzuri. Katika Kiyunani ni *parresia*, neno ambalo huko Athene lilitaja haki ya raia kusema kwa uwazi mbele ya mkutano bila kuficha lolote. Kwa hiyo ujasiri mbele za Mungu ni uhuru wa kusema alio nao mtu mwenye haki ya kuwapo pale, na haki hiyo, kwa mujibu wa Waebrania 10:19, imepatikana kwa damu ya Yesu. Tazama basi mahali Yohana anapoutaja mara ya pili. Kabla tu ya hapo amewazungumzia watu ambao mioyo yao inawahukumu, naye hawaambii kwamba moyo umekosea katika mashtaka yake yote, bali kwamba "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote" (3:20). Zamani niliusoma mstari huo kama tishio. Siku hizi nausoma kama faraja: Mungu aliyajua yote hayo aliponipokea, na moyo wangu hauwezi kumletea habari mpya itakayombadilisha nia.

Matunda ya maisha yana nafasi yake, na onyo la Mathayo 7:22-23, kuhusu waliofanya unabii na miujiza pasipo kujulikana na Bwana, ni zito. Walakini matunda huthibitisha tu. Hayawezi kuwa msingi. Ushuhuda wa Roho pia, unaotajwa katika Warumi 8:16, si lazima uje kwa msisimko. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliandika kwamba tarehe 24 Mei 1738, huko London, alihisi moyo wake ukipata joto la ajabu, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mstari uliotangulia, Warumi 8:15, wataja kilio cha "Aba, yaani, Baba", na kumwita Mungu Baba katikati ya hofu nako ni kazi ya Roho huyohuyo.

Wako pia ambao giza lao limeingiliana na ugonjwa wa akili. Mshairi William Cowper alitunga tenzi ambazo makanisa yanaziimba hadi leo, naye aliishi miaka mingi akisadiki kwamba Mungu amemtupa, hadi alipofariki mwaka 1800. Mtu wa namna hiyo apelekwe kwa daktari pamoja na kuombewa, na asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Mimi huketi naye na kumsomea Zaburi ya 88, ambayo neno lake la mwisho ni giza, na ambayo katika mstari wake wa kwanza mwimbaji anamwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu".