"Mfumo Umekataa" Si Jibu

Tanzania haina sheria moja iliyotungwa kwa ajili ya akili unde (AI) peke yake. Wapo wanaosikia hivyo wakashtuka, wakidhani kila mwenye kompyuta anaweza kufanya atakalo. Wapo pia vijana wa vituo vya ubunifu pale Kijitonyama wanaofurahi na kuomba Serikali iendelee kukaa mbali. Makundi yote mawili yanasahau kwamba sheria tulizonazo zinaanza kuuma pale mashine inapomwamulia mtu jambo.

Chukua mama lishe wa Kariakoo anayetaka mkopo wa shilingi 50,000 anunue mchele. Anapakua programu ya mikopo. Hata hajataja kiasi, programu inaomba kusoma majina yaliyomo kwenye simu yake, ujumbe mfupi, na mahali alipo. Wateja wanasubiri sahani, kwa hiyo anabonyeza "Ruhusu" mpaka maswali yaishe. Jibu linakuja papo hapo: hujakidhi vigezo. Akipiga huduma kwa wateja anaambiwa, "Dada, mfumo umekataa." Vigezo gani? Aliyepokea simu naye hajui. Huenda mfumo uliona miamala imepungua mwezi wa Ramadhani, wakati wateja wa mchana wanaadimika, ukahesabu kuwa biashara imekufa. Mfumo uliofundishwa kwa taarifa za watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi utamtilia shaka mtu wa riziki ya kila siku, na hautajua kuwa umemwonea.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu mkopeshaji huyo moja kwa moja. Anapaswa kuwa amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kukusanya taarifa kwa lengo halali analoweza kulieleza. Majina ya shangazi na wifi zako yanasaidia nini kupima uwezo wako wa kulipa? Sheria hiyo imeugusa pia uamuzi unaofanywa na mashine bila mkono wa binadamu: mhusika anaweza kutaka ajulishwe kuwa ndivyo ilivyokuwa, na kuomba uamuzi uangaliwe upya. Haki hiyo ina mipaka yake, lakini ipo, na kwa maoni yangu haijatangazwa vya kutosha.

Upande wa leseni, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitaja hadharani programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila kibali. Hapo haikuhitajika sheria mpya ya akili unde.

Sasa linganisha na Nuru, programu inayomwezesha mkulima kuelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo na kuambiwa kama lina ugonjwa wa batobato au wa michirizi kahawia, hata pasipo na intaneti. Nayo ni akili unde, nayo hukosea. Lakini mkulima analo jani mkononi, anamjua bwana shamba, na anaweza kubisha. Kuibebesha programu kama hiyo masharti yaleyale ya mfumo unaoamua nani apate mkopo, kazi au matibabu ni kuiua bila sababu.

Umoja wa Ulaya umeandika tofauti hiyo kwenye sheria yake ya akili unde iliyopata nguvu ya kisheria Agosti 1, 2024: matumizi yamepangwa kwa uzito wa madhara, na machache, kama kuwapa raia alama za tabia, yamepigwa marufuku kabisa. Mpangilio huo tuuchukue. Kunakili sheria nzima ni jambo jingine. Kampuni ya vijana watatu wa Sinza haina idara ya wanasheria.

Na sisi tuna uzoefu wetu. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 hapakuwa na sheria ya fedha za kwenye simu. Benki Kuu haikuizuia. Ilitoa barua za kutokuwa na pingamizi, ikataka fedha za wateja zitunzwe kwenye akaunti maalumu benki, ikaangalia mambo yanavyokwenda. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikaja mwaka 2015. Nadhani hakuna nchi iliyopaswa kutufundisha hilo. Tatizo ni kwamba pesa huhesabika: shilingi ikipungua kwenye akaunti, mkaguzi anaiona. Upendeleo wa mfumo hauonekani hivyo, na miaka saba ya kutazama tu ni mingi mno.

Ndiyo maana naunga mkono majaribio yenye uzio, kama yale ambayo Benki Kuu imeyawekea kanuni tangu 2023 kwa teknolojia za fedha: mbunifu anahudumia wateja wachache, kwa muda maalumu, msimamizi akiwa anaona. Uzio wa namna hiyo ufike kwenye afya na ajira pia, na anayeingia aonyeshe taarifa alizofundishia mfumo zilitoka wapi, na ni mtu gani, kwa cheo chake, mwenye mamlaka ya kutengua uamuzi wa mashine.

Kwa sasa, ukikataliwa mkopo au kazi na mfumo, andika kwa aliyekukataa: uliza kama binadamu alihusika, taarifa zipi zilitumika, na uombe uamuzi uangaliwe upya. Tunza nakala na tarehe. Usipojibiwa, peleka nakala hizo kwenye Tume pamoja na malalamiko yako.