Kusoma Msimbo wa Mchezo wa PSP: Kwa Nini ULES Si ULUS

Kijana mmoja wa Langoni aliniletea PSP yake, ile mashine ya mkononi ya michezo ya Sony, kibandani kwangu, hapa Ndia Kuu mjini Lamu, akiwa na huzuni. Diski yake ya Grand Theft Auto: Liberty City Stories ilikuwa imepasuka, akaagiza nyingine kutoka Mombasa, nayo ikafunguka bila tatizo, lakini mchezo ukamtaka aanze upya kana kwamba hajawahi kuucheza. "Fundi, memori kadi yangu imekufa?" akaniuliza.

Kadi ilikuwa nzima. Niliifungua kwenye kompyuta, nikaingia katika folda ya PSP, kisha SAVEDATA, mahali mashine inapohifadhi maendeleo ya mchezaji, nikamwonyesha folda yake ambayo jina lake lilianza na ULES00151. Kisha nikaigeuza diski mpya, nikamwonyesha maandishi madogo: ULUS-10041. Kwetu sisi huo ni mchezo mmoja, lakini mashine haiangalii jina, huangalia msimbo, na kwa msimbo hii ni michezo miwili.

Herufi ya kwanza, U, ni ya UMD, yaani ile diski ndogo yenyewe. Michezo iliyouzwa kwa kupakuliwa huanza na NP. Herufi ya pili huwa C ikiwa mchezo umetolewa na Sony wenyewe, na L ikiwa umetolewa na kampuni nyingine. Ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi, kwa kuwa hutaja soko: U ni Marekani, E ni Ulaya, J ni Japani. PSP haizuii mchezo wa soko lolote, na ndiyo maana diski ya kijana huyu ilifunguka na kumfanya aamini kwamba kosa liko kwenye kadi.

Tarakimu nazo hazifuatani kati ya soko na soko. God of War: Chains of Olympus ni UCUS-98653 kwa Marekani na UCES-00842 kwa Ulaya, kwa hiyo kubadilisha herufi moja na kuziacha tarakimu zilezile hakukufikishi popote. Naona vijana wanaocheza kwa PPSSPP, programu inayoiga PSP, kwenye simu wakikosea hapahapa: wanachukua chiti, yaani misimbo ya kudanganya mchezo, za toleo la Marekani na kuziweka kwenye toleo la Ulaya, ilhali chiti huandika thamani mahali maalumu katika kumbukumbu ya mashine, na mahali hapo hutofautiana kati ya matoleo.

Kijana aliniomba nibadilishe jina la folda tu. Nilimweleza kuwa jina hilo limeandikwa tena ndani, katika faili la PARAM.SFO, na kwamba data yenyewe imesimbwa, yaani imefungwa kwa siri, hivyo kulibadilisha kwa nje kwa kawaida hakutoshi. Nikainakili folda yake mahali salama, kisha nikamwandikia ULES-00151 kwenye karatasi, amtumie muuzaji picha ya karatasi hiyo kabla ya kulipa, ili apate diski yenye msimbo huo.